Gemu za mapigano: Udhibitiwe umri, si soko

Mfanyabiashara mdogo wa Songea anayefungua banda la gemu huanza na luninga, mashine na mabenchi. Amri moja ya kupiga marufuku gemu za mapigano inaweza kuumaliza mtaji huo kwa siku moja.

Wanaotaka marufuku wana hoja. Mtoto mwenye sare ya shule kushinda bandani akifyatua risasi za kwenye luninga ni hasara kwa mzazi na kwa taifa. Lakini hilo ni tatizo la umri, si la bidhaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Aliyevuka hapo anapiga kura na kusaini mkataba wa mkopo. Kumchagulia mchezo ni kumdharau.

Australia ilijaribu njia ya marufuku. Hadi mwisho wa mwaka 2012 haikuwa na daraja la watu wazima kwa gemu, hivyo iliyozidi kiwango cha miaka 15 haikuruhusiwa kuuzwa kwa yeyote. Januari 1, 2013 daraja la miaka 18 lilianza.

Songea haina haja ya kurudia kosa hilo. Leseni ya biashara iwe na sharti la umri na saa za kazi, na anayekiuka anyang'anywe. Banda likifungwa, gemu itahamia kwenye simu, ambako hakuna leseni wala mkaguzi.