Mfereji Hautufikishi Uhuru

Chama chetu kimeamua kwenda kupanda Kilimanjaro mwakani, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Ninachopinga ni ratiba ya mazoezi iliyobandikwa ubaoni: kila Jumapili kilomita 10 kando ya mfereji, halafu jimu mara mbili kwa wiki. Anayeijua Manchester anajua kwamba njia ya mfereji imelala kama meza. Jasho litakutoka, sikatai, lakini si jasho la mlima.

Tunapima kilomita wakati tunatakiwa kupima mita za kwenda juu. Hebu tuuangalie usiku wa kileleni wenyewe. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, Uhuru ni mita 5,895. Hizo ni mita 1,222 za kupanda, mnaanza kama saa sita za usiku, kwenye baridi na changarawe inayoteleza. Mkishafika na kupiga picha, kazi bado: siku hiyohiyo mnashuka hadi kambi ya Mweka, kwenye mita 3,100 hivi. Yaani mteremko wa karibu mita 2,800 kwa mtu ambaye hajalala.

Na huko kushuka ndiko watu wanakosahau. Kupanda kunachosha mapafu, kushuka kunamaliza mapaja. Unaposhuka, msuli wa mbele ya paja unakaza huku ukivutwa. Unafanya kazi ya breki, na breki isiyozoea huungua. Ndiyo maana siku mbili baadaye unamkuta mtu mzima anashuka ngazi za hosteli kinyumenyume. Bahati nzuri msuli huo hujifunza haraka, miteremko mikali mara chache tu inapunguza sana maumivu. Ila lazima ushuke kweli, na zile mashine za jimu zinajua kupanda tu.

Sasa miinuko tuitoe wapi? Uingereza haina milima mirefu, lakini mikali ipo, na kuitafuta si kazi. Chukua ramani ya Ordnance Survey ya 1:50,000, hesabu mistari ya kontua kutoka unapoanzia hadi kileleni. Kila mstari ni mita 10. Pale mistari inapobanana ndipo pa kwenda. Usidanganywe na kimo cha kilele peke yake: Pen y Fan kule kusini mwa Wales ina mita 886, lakini ukifuata njia ya wengi, barabara imeshakupandisha nusu yake bure.

Jirani yetu ni Kinder Scout, mita 636. Treni kutoka Piccadilly hadi Edale haimalizi saa nzima. Mwinuko wenyewe hauzidi mita 400, kwa hiyo ukipanda mara moja ukarudi kunywa chai hujafanya kitu. Ila kuna ngazi za mawe zinaitwa Jacob's Ladder, ngazi ya Yakobo. Panda, shuka, rudia mara nne na begi la kilo 8 mgongoni, halafu uje uniambie habari za mfereji. (Na wale wanaosema kutembea vilimani ni mambo ya Wazungu wenye nafasi zao: mwaka 1932 walioivamia Kinder kwa miguu kudai haki ya kupita walikuwa vijana wa kazi za kawaida, wengi kutoka Manchester na jirani zake, na baadhi yao walifungwa jela.)

Baada ya hapo twende Snowdon, ambao Wawelisi wenyewe wanauita Yr Wyddfa, mita 1,085. Njia ya Llanberis ni ndefu na ya taratibu, inafuatana na reli. Tangu 1896 kuna treni ya kwenda juu, kwa hiyo majira ya joto utatweta weee, ufike ukute watu waliokuja kwa tiketi. Mimi ningechagua Watkin Path, inaanzia chini kabisa na inakupa zaidi ya mita 1,000, na kipande cha mwisho ni kikali na kina mawe yanayotembea. Scafell Pike kutoka Wasdale ni mita 900 ndani ya kilomita zisizofika 5, lakini bila gari la kukodi hufiki. Mtihani wa mwisho uwe Ben Nevis, Scotland. Kilele ni mita 1,345 na unaanza karibu usawa wa bahari, yaani ni mita zilezile za usiku wa Barafu na ziada kidogo. Twende Juni au Julai. Theluji hukaa kule juu hadi Mei na zaidi, na wakati wa baridi mlima ule unataka vifaa na ujuzi ambao hatuna.

Halafu tutembee siku mbili mfululizo, Jumamosi na Jumapili. Kilimanjaro haikupi siku ya kuuguza miguu.

Najua mtaniambia: bwana, wikiendi tunabeba boksi. Kweli. Ndiyo maana nasema safari nne tu za vilima, na siku za kazi tutumie ngazi. Jengo la ghorofa 10 lina kama mita 30 hadi 35 za kupanda. Mara 20 ni zaidi ya mita 600, hulipi nauli, hunyeshewi. Lifti iache hata ya kushukia. Walinzi watakushangaa wiki ya kwanza, baadaye watakuzoea, kama wangu walivyonizoea.

Hayo yote ni ya miguu. Kuna kitu ambacho Uingereza nzima haiwezi kukupa, nacho ni hewa haba. Pale Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Ugonjwa wa kimo unaanza kwa kichwa na kutapika. Ukizidi, maji yanajaa mapafuni au ubongo unavimba, na asiposhushwa haraka mtu anakufa. Haujali kama unacheza mpira wala kama babu yako ni Mchagga. Tena kijana mwenye miguu imara ndiye wa kuchungwa, maana ndiye anayewaacha wenzake na kuona aibu kusema kichwa kinamuuma. Dawa yake ni muda.

Kwa hiyo sielewi kwa nini kamati inavutiwa na ile bei ya siku 5 kwa njia ya Marangu. Kutoka getini, chini ya mita 2,000, hadi Kibo, mita 4,700, kwa siku tatu, halafu usiku huohuo kileleni! Lemosho kwa siku 8 inakupandisha Lava Tower, mita 4,600, kisha inakurudisha kulala Barranco, chini ya mita 4,000, mwili ujifunze. Ni ghali zaidi, ndiyo. Lakini raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo siku za nyongeza zinatuumiza sisi kidogo kuliko Mzungu. Beba pasipoti ya nyumbani. Na bei ikishushwa mno, mara nyingi anayefidia ni mpagazi, ambaye ni ndugu yetu.

Kwenye mkutano ujao naomba tupige kura kwa mambo matatu: mfereji utoke, vilima viingie; siku 5 ziwe 8; na tukubaliane tukiwa bado hapa, kabla mtu hajatweta, kwamba kiongozi wa mlima akisema fulani ashuke, anashuka, hata akiwa mwenyekiti.