MAMBO YA NYUMBANI: WAGENI WA MAGARI-NYUMBA KANDO YA ZIWA

Baadhi ya wazazi na vijana wa Singida wametuuliza jinsi ipasavyo kuwapokea wasafiri wajao kwa makundi na kupiga kambi kando ya Ziwa Singidani. Wageni hawa hawashuki hotelini. Huja na magari-nyumba, ambayo ni motokaa kubwa zenye vitanda, jiko na choo ndani yake, na wengine huja na Land Cruiser zenye hema za kukunjuliwa juu ya paa. Wako watokao Ulaya, wanaolivuka bara letu toka kaskazini hata kusini. Wako pia ndugu zetu wa Arusha na Dar es Salaam, baba na mama na watoto wao, watumiao likizo kuitazama nchi yao. Mwaka huu, katika mwezi wa Julai, sisi wa madrasa tuliombwa kuwa wenyeji wa kundi moja la jamaa hao kwa siku tatu, nasi tukakubali.

Kupokea wasafiri si jambo geni katika nchi hii. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kusini mwa mkoa wetu, katika pori la Mgunda Mkali, ambalo wapagazi waliliogopa kwa uhaba wa maji. Palipokuwa na maji ndipo palipopigwa kambi. Leo barabara ya kutoka Dodoma ni ya lami, nayo yapata kilomita 240, lakini swali la kwanza la mwenyeji ni lile lile la zamani.

Msafiri auonapo mji wetu umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na akawaona heroe wa rangi ya waridi wamesimama majini, hudhani amefika penye neema ya maji matamu. Sivyo. Maji ya Singidani ni ya chumvi. Hayanyweki, wala hayafai kupikia chai. Yafaa kwa udhu, maana chumvi iliyomo ni ya asili ya mahali pake, kama ilivyo katika maji ya bahari, na maji ya namna hiyo hayatoki katika hukumu ya kutoharisha. Kwa hiyo tuliwaarifu wageni mapema wajaze matangi yao mjini kabla ya kuteremka ziwani. Tangi la gari-nyumba la kadiri huchukua lita 100 hivi, na jamaa ya watu wanne isiyo na uangalifu huzimaliza upesi mno.

Basi hilo la maji safi lilikuwa jepesi. Lililotutia katika mazungumzo marefu ni la maji machafu.

Gari-nyumba lina taka za namna mbili. Maji ya kuoshea vyombo na kuogea hukusanyika katika tangi chini ya gari. Kinyesi na mkojo huingia katika sanduku la kuchomoka, la lita 20 au pungufu, na wengi hutia humo dawa ya kuzuia harufu. Kila baada ya siku mbili au tatu sanduku hilo halina budi kumwagwa. Wapi? Mgeni hajui, na mwenyeji asipomwambia atatafuta mwenyewe, tena usiku. Mwaka uliopita kundi jingine, ambalo hatuna haja ya kulitaja, lilifungua bomba la tangi ufukweni likaondoka alfajiri. Waliopakuta mahali pale ni watoto wachungao mbuzi.

Katika kikao chetu mzee mmoja, ambaye twamheshimu sana, alisema kwamba kumtajia mgeni habari za choo kabla hajafika ni kumvunjia heshima. "Mgeni apewe maji, apewe chakula, aonyeshwe pa kulala, hayo mengine atasitiriwa," alisema. Maneno hayo yana adabu ndani yake, na wengi waliyaunga mkono. Lakini sisi twaona kwamba haya ya mwenyeji ndiyo iliyomwaibisha mgeni wa mwaka uliopita. Kama angaliambiwa mapema, asingalijificha usiku.

Tena yapasa kulijua ziwa lenyewe. Singidani halina mto utokao ndani yake. Mvua huteremsha maji toka vilimani na katikati ya yale majabali yetu, kisha jua na upepo huyapunguza, na kila kisichopaa kwa mvuke hubaki. Ndiyo sababu likawa la chumvi. Basi sabuni na mafuta na dawa zikimwagwa humo nazo hubaki, hazina njia ya kwenda baharini.

Kijana mmoja wa darasa la juu, ambaye amesoma fikihi akaipenda, alituuliza: je, ziwa si maji mengi yaliyozidi kulateni, nayo hayanajisiki ila yakibadilika rangi, tamu au harufu? Swali zuri, na hukumu yake ni kama alivyosema. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara. Habari ya kuwadhuru watu ni mlango mwingine, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya tujihadhari na kwenda haja penye maji wayaendeayo watu, njiani, na kivulini, kwa kuwa mambo hayo huleta laana. Sheria ya nchi nayo, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Kambi ya siku tatu si shughuli ya kudumu, lakini tulikifanya kipimo hicho kuwa chetu, na magari yote yakasimama nje yake.

Wasichana wetu wawili wenye mwandiko mzuri waliandika barua ya nusu ukurasa, tukaipiga picha tukaipeleka kwa simu. Ilitaja mahali pa kuegesha, shimo la maji ya vyombo tulilolichimba na kulitia kokoto, na choo cha shimo kilicho mbali na visima ambamo masanduku yatamwagwa. Iliomba pia wasitie dawa kali katika sanduku, kwa kuwa choo husafishwa na vijidudu vilivyomo, na dawa ile huviua. Mifuko ya plastiki hatukuitaja kwa urefu, maana ilipigwa marufuku Tanzania toka Juni 2019, na kila mtu ajua.

Jibu lilikuja siku ile ile toka kwa mama aliyewaongoza. "Maalim," alisema, "tumelala mahali kwingi, na nyinyi ndio wa kwanza kutuambia. Kwingine kote tumekuwa tukibahatisha." Yule mzee wetu aliposomewa maneno hayo alicheka, akaomba yeye ndiye awaonyeshe wageni njia ya kwenda shimoni. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa siku zote tatu, bakora mkononi.

Magari yaliwekwa migongo mashariki, maana upepo wa kiangazi hapa Singida hutoka huko na hauna mchezo. Milango ikaelekea magharibi, na nafasi ya katikati ikawa ya kupikia na ya watoto. Kina mama walipewa upande wao wenye kivuli. Kibla huku ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo, nasi tulipanga mstari wa mawe ili asiwepo wa kuuliza. Imamu alikuwa wa kwetu, kwa hiyo wageni waliosali nyuma yake walitimiza rakaa nne kama yeye. Waliosali peke yao walipunguza.

Usiku wa Julai ni wa baridi kali, na mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema au gari. Hilo tulilikataza bila ya kuona haya. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke.

Wako waliouliza kama yafaa kutoza fedha. Mwenye kiwanja akikikodisha, ni ijara, ni halali, mradi bei itajwe kabla. Sisi hatukutoza, kwani haki ya mgeni ni siku tatu. Tuliwapa kuku, ugali wa mtama na asali, nao wakaleta mchele na tende. Wahenga wetu wa Kiswahili walikuwa wagumu zaidi, maana walisema siku ya tatu mpe jembe. Na kweli, siku ya tatu vijana wa wageni, bila ya kuombwa, waliokota chupa ufukweni pamoja na wa kwetu wakajaza magunia.

Kundi jingine limeuliza juu ya Desemba. Tumelijibu kwamba wakati huo mvua huwa zimekwisha kuanza, na udongo wa kando ya ziwa hushika magurudumu ya gari zito. Waje Julai, na shimo la pili litakuwa limekwisha kuchimbwa.