Ushahidi ni Mali ya Aliyeutoa

Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, mapambano ya vyombo vya usalama vya Uganda na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu yaliishia kwa kuvamiwa kwa kasri la mfalme wao, Omusinga Charles Mumbere, mjini Kasese. Human Rights Watch ilitaja zaidi ya watu 150 waliouawa, wakiwamo watoto, idadi iliyozidi ile ya serikali. Tofauti hiyo ilijulikana kwa kuwa wafiwa na walionusurika walikubali kusema, hali hofu haijawatoka. Je, mchunguzi anayebisha hodi Kinyamaseke au Bwera, wilayani Kasese, ana haki gani juu ya maneno ya mjane? Nasema ana haki ya kile alichoruhusiwa tu. Aliyekubali kusimulia hajakubali jina lake liandikwe. Na aliyekubali liandikwe hajakubali litangazwe wala lifikishwe mahakamani. Kila hatua ina idhini yake.

Lakini mara nyingi idhini hugeuzwa kuwa fomu. Karatasi ya Kiingereza inafasiriwa mbiombio kwa Lukonzo, lugha ya wenyeji, mama anatia dole gumba kwenye wino, mambo yamekwisha. Fomu ya namna hiyo humlinda mchunguzi kuliko shahidi, maana ikikamatwa njiani, jina na alama ya dole ndivyo vitakavyomfichua mama yule. Heri akubali kwa mdomo, apewe namba, na orodha ya majina ifichwe mbali na maelezo. Mkalimani naye achaguliwe na shahidi, kwani aliyeletwa na mchunguzi huenda ni jamaa wa mtu anayetuhumiwa. Tena, kufuta jina peke yake hakutoshi. Ukiandika kwamba umezungumza na mjane auzaye mihogo kando ya barabara ya Mpondwe, aliyefiwa na mume na mwana siku moja, Kinyamaseke nzima imekwisha kumjua.

Wako watakaopinga kwamba ushahidi usio na jina ni uvumi, na kwamba mtuhumiwa ana haki ya kumjua anayemshitaki. Hoja hiyo ina uzito mahakamani, ila uchunguzi si hukumu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya maovu ya Kongo kati ya 1993 na 2003 ilieleza matukio 617, na hata majina ya watuhumiwa yakahifadhiwa kwa siri. Haikuitwa uvumi kwa hilo, kwa kuwa ilishikilia kanuni ya kila tukio kuthibitishwa na vyanzo visivyotegemeana. Kesi ikifunguliwa baadaye, shahidi arudiwe na aulizwe upya.

Wengine wanahofu kwamba mtu akielezwa hatari zote atanyamaza. Na akinyamaza, ni haki yake. Ukimya wa leo una nafuu kuliko ushahidi utakaoporomoka kesho. Desemba 2014 mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta, Rais wa Kenya wakati huo, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague yaliondolewa, na ofisi ya mwendesha mashtaka ikalalamika kwamba mashahidi walitishwa na kuhongwa. Asiyemlinda shahidi hujenga kesi juu ya mchanga. Wapo pia wanaotaka majina yao yatajwe kwa sauti, ili wafu wao wasisahauliwe. Hao nao wasikilizwe, mradi wamejua wanachokikubali.

Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019, na Katiba ya 1995 inalinda faragha na kuweka Tume ya Haki za Binadamu. Sheria hazimfikii mjane ikiwa hakuna anayemweleza. Enyi wachunguzi, mwambieni shahidi kabla ya kuanza nani atasoma maneno yake, yatakaa wapi, na namna ya kuyaondoa akibadili nia. Enyi viongozi wa vijiji, msimshurutishe mtu kusema wala kunyamaza. Nawe shahidi, uliza maswali hayo kabla hujafungua kinywa; asiyeweza kuyajibu, mwombe aende akajifunze kwanza.