Gari Livujalo Haliponi kwa Kuongezwa Mafuta

Kuna desturi moja katika sehemu hizi za Kaskazini Mashariki ambayo imekwisha kuota mizizi, nayo ni ile ya kulitibu gari linalovuja kwa kulibebea mtungi. Hapa Kutulo, katika barabara itokayo Wajir kwenda Elwak na Mandera (mji ambao kaunti za Wajir na Mandera zote hudai ni wao, ugomvi nisiotaka kuuingia leo), si ajabu kuliona Land Cruiser limeegeshwa kivulini, mchanga ulio chini ya tumbo lake umelowa, na dereva akisema kwa utulivu, "Linavuja kidogo tu." Kisha huongeza nusu lita na kushika safari.

Kwa maoni yangu hiyo si tiba hata kidogo, na walimu na wanafunzi wa sehemu hizi wana haki na sababu ya kulisema jambo hili kwa sauti.

Kinachovuja aghalabu ni lile sanduku dogo la gia lililofungwa nyuma ya giaboksi kuu, ambalo mafundi huliita transfa. Kazi yake ni kuipokea nguvu ya injini na kuigawa baina ya ekseli ya nyuma na ya mbele, pale dereva anapotaka magurudumu yote manne yavute ili avuke mchanga wa laga. Katika magari mengi hakuna taa wala geji ya kumwonya kwamba mafuta ya sanduku hilo yamekwisha. Hujua anaposikia mlio, na mlio ukisikika, beringi na meno ya gia vimekwisha kuumia.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Tone likidondoka mara moja kwa kila dakika, kwa siku moja ni matone 1,440. Tukikadiria matone 20 kwa mililita, hayo ni mililita 72. Transfa yenye lita mbili itakuwa kavu kwa siku 28. Hesabu hii ni ya darasani, kwani gari likisimama uvujaji hupungua na likienda huzidi, lakini yatosha kuonyesha kwamba hilo "kidogo tu" la dereva lina mwisho wake, na mwisho wenyewe hauko mbali.

Fundi wa haraka haraka akiitwa, hupaka silikoni juu ya vumbi na mafuta, akapokea malipo yake akaondoka. Aliye makini kidogo hubadilisha sili, yaani ule mviringo wa mpira unaoushika mhimili unapotoka sandukuni. Lakini hata huyu mara nyingi hajauliza swali kubwa: mbona sili ikaharibika?

Juu ya transfa kuna kipumulio, tundu dogo au mpira mwembamba wa kupitishia hewa. Udongo wetu mwekundu hukiziba. Sasa tuseme alfajiri sanduku lina joto la nyuzi 27, na adhuhuri, baada ya safari, limefika nyuzi 90. Kwa kipimo cha Kelvin hiyo ni kutoka 300 hadi 363, hivyo msukumo wa hewa iliyofungiwa humo huongezeka kwa asilimia 21. Hewa hiyo itatafuta njia, na njia iliyo rahisi ni mdomo wa sili, nayo huyasukuma mafuta mbele yake. Gari hilohilo likiingia katika laga yenye maji, sanduku hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na maji hunyonywa kupitia mdomo uleule. Badilisha sili mara tano, na kama kipumulio bado kimeziba, utaibadilisha ya sita.

Ukarabati wa haki una taratibu zake. Kwanza sanduku lioshwe likauke, gari liendeshwe mwendo mfupi, kisha litazamwe kwa tochi. Upepo wa safari huyapeleka mafuta nyuma na uzito wake huyashusha chini, kwa hiyo palipolowa juu zaidi na mbele zaidi ndipo penye chanzo. Kabla ya kuyamwaga mafuta ya zamani, fundi aifungue plagi ya kujazia. Ikiwa imekwama, na mafuta yamekwisha kumwagwa, gari halina pa kwenda. Mafuta yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yakimeta chembe za chuma, kuna kinachosagika ndani, na sili mpya haitakiponya.

Propela itiwe alama kabla ya kufunguliwa ili irudi vilevile ilivyokuwa. Mhimili utikiswe kwa mkono juu na chini: ukicheza, beringi imechoka, nayo itaila sili yoyote utakayoitia. Flenji ipapaswe kwa ukucha pale sili inapokaa, maana miaka ya kuzunguka huchimba mfereji ambao mpira mpya hauwezi kuuziba. Ndipo sili ipakwe mafuta mdomoni, iingizwe sawasawa bila kupinda, na sanduku lijazwe mafuta ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, hadi ukingo wa tundu la kujazia. Kuzidisha nako huleta uvujaji.

Kuna uvujaji mwingine usiodondosha hata tone. Katika baadhi ya magari, sili iliyo baina ya giaboksi kuu na transfa ikichoka, mafuta huhama kutoka sanduku moja kwenda jingine. Chini pakavu, lakini moja limefurika na la pili lina njaa. Asiyepima masanduku yote mawili hatalijua hilo. Na katika Land Rover za zamani, breki ya mkono imefungwa nyuma ya transfa, hivyo mafuta huingia katika ngoma ya breki na gari haliwezi tena kuaminiwa mteremkoni. Bahati yetu nchi hii ni tambarare.

Watasema sili hazipatikani Kutulo. Ni kweli, lakini nyingi zimechorwa vipimo vyake usoni: upana wa ndani, upana wa nje na unene. Anayejua kuvisoma ataagiza kwa simu na kuletewa kwa basi, badala ya kubahatisha.

Mwalimu wa hapa hawezi kusema kwamba mambo haya ni ya gereji na si yake. Gari likizimika baina ya hapa na Elwak, waliomo hawangoji kivulini kwa raha. Desemba 2019 basi la abiria lilishambuliwa karibu na Kutulo na watu wakauawa, miongoni mwao maafisa wa polisi. Kabla yake, tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na walimu wengi walikuwa miongoni mwao. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Walimu wengi wasio wenyeji waliondoka, na masomo ya sayansi yakapata pigo ambalo shule nyingi hazijapona.

Kwa hiyo napendekeza jambo lisilohitaji jengo wala mfadhili. Siku transfa itakapofunguliwa mjini, mwalimu aliyebaki awapeleke wanafunzi wake wakaione. Sheria ya hewa na joto wataikuta katika kipumulio, msuguano katika beringi, uwiano wa meno katika gia. Fundi naye aalikwe kusema mbele ya darasa, na aitwe mwalimu siku hiyo. Ufundi wa mitambo umo katika masomo ya kuteua tangu enzi za 8-4-4, lakini shule zilizoufundisha ni chache mno, na sababu iliyotolewa daima ni ukosefu wa karakana, ilhali karakana iko ng'ambo ya barabara.

Wanafunzi hao wapewe pia kazi ya kuyakusanya mafuta machafu katika mtungi wenye kifuniko. Mvua za Gu zikifika, kila kilichomwagwa nyuma ya gereji huteremka hadi bwawani, wanakonywa ngamia na watu.