Sekunde 6 kati ya Kasese na Bwera: Takwimu za mwanzo za setilaiti zinaaminika kiasi gani?

Mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, na mji wa Bwera ulio jirani na mpaka wa Kongo vimetenganishwa na takriban kilomita 40 zikipimwa kwa mstari ulionyooka. Setilaiti inayozunguka dunia katika kimo cha kilomita 400 hukata umbali huo kwa sekunde zisizozidi 6. Takwimu za njia yake zikikosea kwa sekunde hizo chache tu, picha inayodhaniwa kuwa ya mlima mmoja huenda ikawa ya mlima mwingine kabisa.

Kwa wakazi wa Kasese, hilo si jambo la kinadharia. Septemba 7, 2022, maporomoko ya ardhi yaliua watu wasiopungua 15 katika kijiji cha Kasika, eneo la Rukoki. Mto Nyamwamba nao ulikuwa umefurika na kuleta maafa mwaka 2013 na 2020.

Miezi miwili kamili baada ya msiba wa Kasika, Novemba 7, roketi ya Antares iliruka kutoka Wallops, jimboni Virginia, Marekani, ikiwa na setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1. Iliundwa nchini Japani na wahandisi Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Kamera yake ilikusudiwa kusaidia kutofautisha misitu, mashamba na ardhi tupu.

Desemba 2, setilaiti hiyo iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, pamoja na nyingine za Zimbabwe na Japani. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Katika saa za kwanza, takwimu za njia ya chombo huwa ni makadirio yanayotokana na mpango wa safari, wala si vipimo. Rada zinapoanza kupima, huona vitu vidogo vilivyokaribiana, na huenda zikapita siku kadhaa kabla ya kubainika kipi ni cha nani.

Kosa dogo nalo halibaki dogo. Kasi ikikadiriwa visivyo kwa sentimita 10 tu kwa sekunde, baada ya siku moja setilaiti itakuwa zaidi ya kilomita 20 mbali na mahali inapotarajiwa. Aidha, hewa nyembamba iliyopo katika kimo hicho huipunguzia mwendo kwa kiwango kinachobadilika kulingana na hali ya Jua.

Vyombo vikubwa vina nafuu. Darubini ya James Webb iliporushwa Desemba 25, 2021, vituo kadhaa, kikiwemo cha Malindi nchini Kenya, viliifuatilia tangu dakika za mwanzo. Roketi ya Ariane 5 iliiweka katika njia sahihi kiasi kwamba NASA ilitangaza siku chache baadaye kuwa mafuta yaliyookolewa yangeiwezesha kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 10.

PearlAfricaSat-1 haikuwa na injini ya kurekebisha njia. Ilitegemea kupimwa upya mara kwa mara, na antena za ardhini kuelekezwa mahali panapostahili. Setilaiti ya aina hiyo ikipita juu ya kituo kama cha Mpoma, wilayani Mukono, huonekana kwa takriban dakika 10 tu. Anayetumia takwimu zilizochakaa huikosa.

Ndiyo maana shangwe za siku ya kurushwa hazitoshi kupima mafanikio ya mpango wa anga. Ofisa wa wilaya anayekabidhiwa picha ya mteremko uliopasuka, akitakiwa kuamua ni kijiji kipi kihamishwe, hana budi kuuliza kwanza: mahali pa picha hii pamekokotolewa kwa takwimu za siku gani? Kama ni za makadirio ya mwanzo, basi kinachohitajika kabla ya uamuzi ni vipimo vipya, pamoja na macho ya watu walio mlimani.