Misafara ya Wanamuziki Yahitaji Wataalamu

Wako bado wazazi na walimu ambao, kijana akisema anataka kufanya kazi na wanamuziki, humwona kuwa amepotea. Akiongeza kwamba hataki kuimba wala kupiga gitaa, bali kuongoza misafara yao, huuliza: hiyo nayo ni kazi?

Ni kazi, tena ngumu. Meneja wa msafara husoma mkataba kabla haujatiwa saini, na hudai malipo ya kutanguliza. Hukagua pasi, viza na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Huandaa orodha ya vyombo kwa ajili ya maofisa wa forodha, hutafuta malazi, na huhakikisha vyombo vinajaribiwa kabla watu hawajaingia ukumbini. Usiku huhesabu viingilio, hulipa posho na kutunza stakabadhi.

Zamani mzigo huu ulibebwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mishahara. Mfumo huo ulipodhoofika, bendi nyingi ziliachwa zijitafutie. Leo mara nyingi mwimbaji ndiye mtunzi, ndiye mhasibu, na ndiye mtafuta basi. Au kazi huachiwa rafiki asiyeandika chochote. Mwanamuziki hukesha akitoa jasho, na alfajiri huambiwa kuwa mapato yote yamemezwa na gharama. Huo ni unyonyaji, hata kama anayeutenda ni ndugu.

Kwamba kazi hii inawezekana kufanywa kwa utaratibu, hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, limekusanya kisiwani wasanii kutoka nchi nyingi za Afrika.

Basi walimu wasimkatishe tamaa kijana mwenye hesabu safi, lugha mbili tatu, na moyo wa uvumilivu. Wampe kwaya ya shule aisafirishe hadi wilaya ya jirani, kisha wadai hesabu ya kila shilingi. Nao maofisa utamaduni wawahimize wasanii kudai mikataba ya maandishi, kwani neno la mdomo halina ushahidi.

Ngoma haijipeleki safarini. Anayeipeleka na kuirudisha salama, pamoja na haki ya waipigao, anastahili heshima ya mfanyakazi.