Notisi ya Bwana Afya Isiishie Ukutani

Kila masika yanapoingia Dar es Salaam, wako wenye nyumba ambao huingoja mvua kwa hamu kuliko mkulima. Usiku mvua inapokolea hutoboa shimo la choo, na uchafu uliokusanyika mwaka mzima huchukuliwa na maji, ukapita uani kwa jirani, ukavuka njia wanayoifuata watoto kwenda shule. Watu wa mjini wamelipa jambo hilo jina, huliita kutapisha choo. Na jambo likishapata jina linalotajwa bila haya, ni dalili kwamba limekwisha kuwa mazoea. Sheria inalikataza. Bwana Afya wa kata analijua, Mtendaji wa Mtaa analijua, na mpangaji wa chumba cha nyuma analijua kuliko wote. Mvua ikikatika kila mmoja hurejea katika shughuli zake, hadi masika mengine.

Tumeanza na choo kwa makusudi. Yanapozungumzwa mambo ya usalama wa majengo, wengi wetu hukumbuka ghorofa iliyoanguka na magari ya zimamoto. Hayo nayo tutayafikia. Lakini nyumba haiui kwa kuanguka peke yake. Huua kwa chumba cha futi 10 kwa 10 kisicho na dirisha, ambamo mgonjwa wa kifua kikuu hulala pamoja na watoto wanne; huua kwa jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi; huua kwa waya wa umeme uliounganishwa na fundi wa mtaani, na kwa kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka kwenye shimo la choo. Vifo vya namna hiyo havipigiwi king'ora. Huandikwa hospitalini kwa majina ya maradhi, na nyumba yenyewe haitajwi.

Hakuna awezaye kusema kwamba nchi yetu imepungukiwa na sheria. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya na ile ya mamlaka za miji, zimezipa Halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuzisimamia. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imempa afisa mwenye dhamana uwezo wa kuingia, kukagua, kutoa notisi ya kuondoa kero, na kumfikisha mahakamani anayekaidi. Kwa maandishi, Bwana Afya ni mtu mwenye nguvu kubwa. Swali linalotupasa kujiuliza ni kwa nini nguvu hizo zinakoma pale anapomaliza kubandika karatasi ukutani.

Yafaa tukumbuke kwamba taifa hili limekwisha kulipia somo hili mara moja. Mpango wa Madaraka Mikoani ulipoanza mwaka 1972, Halmashauri za Wilaya zilivunjwa, na zile za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Nia ilikuwa njema: kupeleka watumishi na fedha karibu na wananchi. Lakini takataka za mjini hazikuwa tena na mwenyewe, mitaro ikaziba, na ukaguzi wa nyumba ukawa kazi ya ziada ya ofisi zilizokuwa na kazi nyingine. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977 na kuenea mwaka 1978, kiliikuta miji imevuliwa ulinzi. Mwaka huo huo wa 1978 Serikali ikazirudisha Halmashauri za Miji, na hali hiyo ya uchafu na maradhi ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoisukuma. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akihojiwa mwaka 1984, alikiri bila kuzunguka kwamba kuvunja Serikali za Mitaa lilikuwa kosa ambalo asingelirudia.

Dar es Salaam ya mwaka 1978 ilikuwa na watu 843,090. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi ambayo yalijengwa kwanza, ramani zikafuata nyuma au hazikufuata kabisa. Kipindupindu nacho hakikusahau njia. Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, kikatambaa hadi mikoa mingi ya nchi, na kabla hakijatulia kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 20,000. Safari hii Halmashauri zilikuwapo. Zilikuwa na wakurugenzi, madiwani, kamati za afya na sheria ndogo zenye mihuri. Kwa hiyo hatuwezi tena kusingizia kukosekana kwa chombo.

Kuhusu ghorofa hatuna haja ya kusema mengi, maana kumbukumbu zake bado zinauma. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaanguka asubuhi watu wakiwa katika biashara zao, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kuyakagua majengo ya Kariakoo. Ilikuwa hatua ya lazima. Ila tuseme wazi kwamba tume inayoundwa baada ya maafa inafanya kazi ambayo ilimpasa mkaguzi wa kawaida kuifanya siku ya kawaida, na siku hiyo ya kawaida ndiyo tunayoipigania katika ukurasa huu.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa ambacho kila mhandisi wa Halmashauri yetu angefaa kukisoma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi, jengo la makazi liliporomoka baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Jengo hilo halikuwa limefichika. Wakuu walikwisha kulitambua kuwa halifai kukaliwa, na lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa. Ukaguzi ulifanyika, uamuzi ulitolewa, rangi ilipakwa. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi wiki iliyofuata na kuuliza kwa nini taa bado zinawaka ndani. Kati ya alama ile na kifusi kulikuwa na nafasi ya kuokoa kila mmoja wa marehemu wale.

Nafasi hiyo ndiyo inayopotea hapa kwetu pia, na hatudhani kwamba inapotea kwa sababu ya uvivu wa Bwana Afya. Afisa mmoja hupewa kata nzima, pengine na kata ya pili juu yake, bila pikipiki na bila posho ya mafuta. Akifika kwenye nyumba mbovu huandika notisi ya siku kadhaa. Siku zikiisha inampasa arudi. Kama hakuna kilichotendeka inampasa aandae mashtaka, apate idhini ya mwanasheria wa Halmashauri, atafute mashahidi miongoni mwa wapangaji wanaoogopa, na ahudhurie mahakamani kila kesi inapoahirishwa. Akishinda, faini inayotozwa mara nyingi ni ndogo kuliko kodi ya chumba kimoja kwa mwezi. Mwenye nyumba hulipa akicheka, na choo hubaki vile vile. Hebu tumuulize mtumishi yeyote wa umma: angekuwa yeye, angeendelea kwa muda gani?

Liko na jambo la aibu zaidi. Ukaguzi unapofanyika kwa nguvu, mara nyingi humwangukia asiye na uwezo wa kurekebisha. Faini ya uchafu hutozwa papo kwa papo kwa aliyekutwa nyumbani, naye ni mama mpangaji anayefua nguo uani. Mwenye nyumba yuko mtaa mwingine na simu yake haipokelewi. Sheria inapomtoza mpangaji kwa ubovu wa shimo ambalo hakulichimba na haruhusiwi hata kulifukia, inageuka kodi ya pili juu ya umaskini wake.

Watu husema: kama nyumba ni mbovu, mpangaji ahame. Wanaosema hivyo hawajapanga siku hizi. Mpangaji hudaiwa kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kabla hajaonyeshwa ufunguo. Akiisha kulipa amefungwa. Akienda ofisi ya Kata kulalamika kwamba ukuta umepasuka, jambo la kwanza atakaloambiwa na mwenye nyumba ni kutafuta pengine mkataba ukiisha. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza ya nyumba. Ilikuwa na kasoro zake na wenye nyumba waliilaumu sana, lakini mpangaji alikuwa na mahali pa kwenda. Ilifutwa mwaka 2005. Hatudai irudishwe neno kwa neno. Tunasema tu kwamba ukaguzi unaotegemea malalamiko ya mtu anayeweza kufukuzwa kwa kulalamika hautapata malalamiko, na ofisi itaandika katika taarifa yake ya robo mwaka kwamba hali ni shwari.

Sasa tuje karibu na wasomaji wetu. Walimu wanaosoma maneno haya wanajua nyumba moja ambayo Bwana Afya haikagui kamwe, nayo ni nyumba ya mwalimu. Paa linavuja tangu mwalimu mkuu aliyetangulia, sakafu imechimbika, popo wamejaa darini, na choo kimetitia upande mmoja hata watoto wamekatazwa kukitumia. Mwenye nyumba hiyo ni Halmashauri. Ndiyo hiyo hiyo inayomwandikia notisi mzee wa mtaani mwenye vyumba vinne vya kupangisha. Hatuoni ni kwa uso gani mamlaka itamfikisha raia mahakamani kwa kosa ambalo yenyewe inalitenda katika viwanja vya shule zake. Kama Halmashauri inasema haina fedha, mzee wa mtaani naye ana haki ya kutoa jibu hilo hilo.

Wala watumishi wa umma wasidhani kwamba wao ni watazamaji. Wenye nyumba za kupangisha katika miji yetu si wafanyabiashara wakubwa tu. Wengi ni watumishi walio kazini na wastaafu, waliojenga kidogo kidogo kwa mkopo na kiinua mgongo, na jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini afisa ambaye asubuhi anahimiza utekelezaji wa sheria mezani kwake, na jioni anaongeza chumba cha sita kwa kuziba dirisha la chumba cha tano, anamfunga mikono Bwana Afya kuliko ukosefu wa pikipiki. Bwana Afya wa cheo cha chini hawezi kumpelekea notisi mkuu wake wa idara. Anapita njia nyingine.

Hoja pekee yenye uzito dhidi ya usimamizi mkali ni kwamba ukali utawatupa watu barabarani. Ni hoja ya kweli, na wanaoitoa hawastahili kubezwa. Tuliona katika Bonde la Msimbazi, Desemba 2015, jinsi alama nyekundu ya X ilivyofuatwa na matingatinga, na jinsi familia zilivyobaki na magodoro yao juu ya vifusi mvua ikikaribia. Ubomoaji ni dawa ya mwisho. Kwa nyumba nyingi mbovu tunazozisema hakuna haja ya kubomoa chochote. Kutoboa dirisha si kazi ya mabilioni. Kujenga upya shimo la choo ni gharama ya kodi ya vyumba vichache kwa miezi michache. Amri inayomtaka mwenye nyumba atengeneze, na inayomzuia kumwondoa mpangaji au kupokea kodi mpya mpaka atengeneze, ingefanya mengi kuliko tingatinga. Na pale jengo linapokuwa la hatari kweli, watu watolewe siku ile ile, na aliyepokea kodi yao ya mbele airejeshe. Madiwani wanaweza kuanza na sheria ndogo za namna hiyo katika vikao vyao wenyewe, na kama mamlaka yao yana mpaka, wapeleke pendekezo juu.

Daftari nalo lingesaidia. Kila ofisi ya Kata iwe na daftari la notisi, lililo wazi kwa mkazi yeyote kulisoma: nyumba gani, kosa gani, tarehe ya notisi, tarehe ya kurudi, na kilichokutwa. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika hapo. Walimu wa zamu wanaandika daftari la namna hiyo kila siku, tena kwa kalamu ya kawaida. Tofauti ni kwamba safu ya kilichokutwa ikibaki tupu kwa miezi 3, Diwani ataulizwa mbele ya wananchi wake, na Mkurugenzi ataulizwa mbele ya madiwani.

Halmashauri zinapoandaa makadirio ya mwaka, fungu la ukaguzi wa afya huwa rahisi kulipunguza, maana hakuna utepe wa kukata baada ya ukaguzi. Safari hii tungependa madiwani waulize maswali mawili kabla ya kupitisha kitabu hicho: mwaka uliopita zilitolewa notisi ngapi, na ni ngapi kati ya hizo ambazo Bwana Afya alirudi kuzitazama. Kisha waulize kuhusu nyumba za walimu.